Kwenda Mutomo na Nguvu ya Kuazima

Sikuomba kwenda Mutomo. Mwaka huo wa themanini na nne hakuna aliyeomba kwenda popote Ukambani, ila penye chakula. Watu waliuita nikw'a ngwete, yaani nakufa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa hakuona mahindi ya kununua. Kanisa letu la mji wa Wote lilikuwa limepata magunia ya mahindi ya manjano kwa ajili ya ndugu zetu wa Mutomo. Mara ya kwanza yalipogawanywa, watu walisukumana mlangoni wakapigana, na mama mmoja akavunjika mguu. Chifu wa huko akatoa onyo: vita vikizuka tena, stoo itafungwa na lori lirudi na mzigo wake. Ndipo wazee wa kanisa wakanikumbuka mimi, mwalimu wa useremala, eti najua karate.

"Si karate," niliwaambia. "Inaitwa aikido. Haina mashindano wala mshindi."

"Sasa kama hakuna kushinda, huwa mnafanya nini?" mzee mmoja akaniuliza.

Lilikuwa swali zuri. Aikido nilijifunza Nairobi nikiwa chuoni, kwa Mjapani aliyekuja kutufundisha kazi ya vyuma. Jioni alitandaza magunia yaliyojazwa nyasi, akatufundisha kwanza kuanguka, wiki baada ya wiki, mpaka tukachukia. Mtu anayekurukia, alisema, amekwisha kupoteza mizani yake. Usishindane naye. Ondoka njiani, geuka naye, azima ile nguvu aliyokuja nayo, umlaze chini bila kumvunja. Mwili wake ni amana mikononi mwako. Niliyapenda sana maneno hayo, ila niliyapokea nikiwa nimeshiba.

Alfajiri tuliondoka Wote, mimi na dereva Musembi, mtu mnene wa maneno, mwembamba wa mwili. Nilimweleza habari ya kuazima nguvu ya adui, naye akacheka hadi Kathonzweni.

"Mwalimu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hiyo nguvu ya kuazima itakusitiri nini?"

Kathonzweni tulisimama kutia maji kwenye rejeta. Mashamba ya pande zote mbili yalikuwa na mabua yaliyokauka yakiwa bado mafupi, hayafiki magotini. Watu walitoka vibarazani wakayatazama magunia yetu, wala hakuna aliyeomba. Walitazama tu, kisha wakatuamkua vizuri. Heri wangeomba. Nilipanda lori nikajifanya nimelala.

Kutoka Makindu tulifuata barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, tukakata kushoto kuelekea mto Athi. Hapo vumbi likatukaribisha. Gurudumu la nyuma likapasuka, tukalibadilisha juani, nami nikagombana na Musembi kuhusu spana aliyokuwa ameikalia mwenyewe. Mgongo uliniuma, macho yakawasha, na kila nilipofikiria kazi iliyoningoja niliona aibu. Kusimama mlangoni kuwazuia wenye njaa! Na kwa sanaa ambayo mwalimu wangu aliiita njia ya amani.

Jioni tuliingia Mutomo. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Ndinda, mjane mwenye kushika ufunguo wa stoo ya kanisa. Alitupa chai ya rangi, akaomba radhi kwamba hakuna maziwa, kana kwamba sisi hatukuona mizoga ya ng'ombe njiani.

"Wewe ndio ule mtu wa kupigana?" aliniuliza.

"Ndimi, mama. Lakini sipigani."

"Ni sawa. Hapa pia watu hawataki kupigana. Ni njaa tu. Lakini askari wa chifu akiona mtu amesukuma, yeye anajua ni vita."

Asubuhi tulifungua stoo. Mama Ndinda alipima kwa mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kasuku, Musembi akabeba magunia, nami nikasimama mlangoni. Kando yangu alikuwa askari wa chifu na rungu lake. Foleni ilipinda hadi nyuma ya kanisa. Watu walikaa chini, wakisogea kwa kujiburuta bila kuinuka. Saa zilipita hivyo, na nikaanza kuamini kwamba sitahitajika.

Mchana, magunia yalipobaki machache, foleni iliinuka yote kwa pamoja. Nilihisi msukumo wa kwanza pale mlangoni. Kisha mwanamume mmoja akajipenyeza hadi mbele. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na gunia tupu begani. Baadaye nilimjua kwa jina la Kimanzi, aliyetembea kutoka ng'ambo ya Athi tangu siku iliyotangulia, akiwaacha mke na watoto nyumbani.

"Wewe si wa kanisa letu," Mama Ndinda alimwambia kwa upole. "Yenu yatakuja wiki ingine."

"Wiki ingine nitazika nani?" alisema Kimanzi. Akanirukia, akashika shati langu kifuani na kuinua ngumi.

Mwili wangu ulifanya kama ulivyofundishwa. Niliondoka njiani, nikageuka, nikamshika mkono, nikangojea ile nguvu yake ipite nami niielekeze chini. Nguvu haikuja. Yale mabega mapana yalikuwa mifupa na shati. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ubua, na mwili mzima ukaanza kuniegemea na kuteremka. Nilishtuka kuliko siku niliyowahi kupigwa. Sikuwa na cha kuazima kwa mtu huyu. Alikuwa ameitumia yote kunifikia.

Pembeni niliona rungu la askari likipanda. Nilijua kama Kimanzi ataanguka chini, kwa mkono wangu au kwa rungu, stoo itafungwa na foleni yote italala njaa. Nikapitisha mkono wangu kiunoni mwake, na ule wake aliotaka kunipigia nikauweka shingoni mwangu.

"Huyu ni mgeni wangu," nilimwambia askari. "Amechoka."

Askari alinitazama, akamtazama yeye, akashusha rungu taratibu. Nadhani naye alikuwa na ndugu mwenye njaa mahali. Nilimwingiza Kimanzi ndani nikamkalisha juu ya gunia la mahindi, na Mama Ndinda akamletea uji wake mwenyewe. Kisha akachukua gunia tupu la Kimanzi na kuanza kupima.

"Huyo si wa kanisa letu," sauti ya mwanamke ilisema kutoka foleni.

"Sasa ni wetu," Mama Ndinda akajibu bila kugeuka.

Kulikuwa na manung'uniko, lakini hakuna aliyesukuma. Mmoja mmoja wakaketi tena. Mkebe wa mwisho haukujaa, na Mama Ndinda alifunga stoo bila kujipimia chochote.

Kesho yake tulimpeleka Kimanzi hadi daraja la Athi, yeye na mahindi yake. Aliposhuka alinishika mkono.

"Mwalimu, ule mchezo ulitaka kunifanya, ungenifanya aje?"

"Ungelala chini."

"Basi ngoja. Nikipata nguvu nitakuja unilaze vizuri."

Musembi hakunitania tena hadi Wote. Wazee waliniuliza kama nilishinda, nikawajibu kwamba hakukuwa na mtu wa kushinda, nikaenda kulala.

Mvua ilinyesha mwisho wa mwaka. Mavuno yalipotoka, nikiwa karakanani nikipiga randa, Kimanzi akaingia na gunia la kunde kichwani. Mke na watoto walikuwa hai, alisema. Kisha akatua mzigo, akavua viatu, na kunikumbusha ahadi. Tulitandaza magunia ya nyasi nyuma ya karakana. Mwalimu wangu alisema niazime nguvu. Hakunifundisha cha kufanya mwenzangu akiwa hana, nami nilifundishwa hilo Mutomo: kwanza mtie mkono kiunoni, asianguke.

Kimanzi akanishika shati palepale kifuani na kusukuma. Nilirudi nyuma hadi nikagonga ukuta, kifua kikaniuma siku mbili, na sijawahi kufurahia maumivu kama yale.