Nilidhani kuhara damu kwangu ni amiba, mpaka mtani wangu aliponiumbua msibani Njinjo

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hili limenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Aibu yake nimeshaimaliza, kwa hiyo msinionee haya.

Mimi ni Mngindo wa Njinjo, ila riziki yangu iko Somanga, barabarani. Nakaanga samaki, nawauzia abiria wa mabasi ya Kusini.

Kazi hii inataka mtu asiyebanduka. Basi likisimama, dakika chache tu ndiyo soko lako. Sasa fikirieni muuzaji ambaye kila basi likisimama yeye yuko chooni.

Miaka minne nilikuwa naharisha damu. Inakuja, inatulia miezi kadhaa, inarudi na nguvu mpya.

Mtasema kwa nini sikwenda zahanati. Nilikwenda sana tu. Tatizo, nesi wa pale ni mama mdogo wa mke wangu, yaani mkwe wangu. Kwetu kumtajia mkwe habari za choo, afadhali ufe. Basi nikawa nasema tumbo linasokota, naishia hapo.

Nikapewa dawa za amiba. Nikirudi, amiba tena. Mama wa watu simlaumu, angejuaje damu ambayo sijaitaja?

Nikakonda. Watu wakaanza kunong'ona, na mnajua wananong'ona nini wakimwona mtu amekonda. Nikapima, sina. Mke wangu nikamwonyesha majibu, lakini niliona kabisa hajatulia. Hiyo iliniuma kuliko tumbo lenyewe.

Siku moja nikamweleza abiria mmoja muuza dawa, kwa sababu ni mgeni na hatutaonana tena. Akasema kuna magonjwa ya utumbo kuvimba na kutoka vidonda, wataalamu wanayaita IBD, ila hayo ni ya Wazungu, sisi tunaokula ugali na mlenda hayatuhusu. Nikashukuru Mungu. Mjinga mimi.

Mjomba wangu akafariki, nikaenda Njinjo kuzika. Pale kuna muuguzi Mngoni, nitamwita Dafrosa. Wangoni ni watani zetu, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema chochote bila mtu kununa.

Nilikuwa narudi kutoka chooni kwa mara ya nne. Dafrosa akasimama katikati ya watu akasema, "Jamani, maiti katulia ndani, huyu mpwa wake ndiyo hatulii. Kwani nani kafa hapa?"

Watu walicheka mpaka wafiwa wakafuta machozi mengine. Mimi nilitamani nizikwe na mjomba.

Baadaye akanifuata pembeni, utani ameuweka chini.

"Kuna damu?"

Miaka minne hakuna aliyeniuliza. Kwa kuwa yeye ni mtani, haya zote zilikuwa zimeshamalizika kule kwenye kicheko. Nikamwambia kila kitu.

Akanijibu kwamba amiba ikitibiwa vizuri haikai miaka minne. Akaniandikia barua ya rufaa, akanionya nikifika kwa daktari neno la kwanza liwe damu, tumbo lifuate.

Nikaenda Dar. Nikaingizwa ile kamera ya kupitia nyuma, mtanisamehe. Utumbo mpana ulikuwa na vidonda. Ulcerative colitis, moja ya hizo hizo IBD. Hauponi moja kwa moja, lakini dawa zinautuliza. Daktari akasema ningechelewa zaidi, pengine wangeukata utumbo, au wangenizika.

Nikamuuliza, si ni ugonjwa wa Wazungu? Akasema kule wanautafuta. Huku kwetu, wako wangapi, hakuna anayejua, maana kamera chache na wagonjwa wenyewe tunaficha.

Lakini ninayetaka mumvulie kofia ni Dafrosa. Tangu siku ile, kwenye kila msiba wenye watani zake anauliza swali lake kwa mzaha, kisha anamfuata mtu pembeni. Wengi huwa ni amiba kweli au kichocho kweli, wanatibiwa wanapona. Ila mama mmoja mkulima kutoka Milola alikutwa na ugonjwa kama wangu. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa kwa hilo. Nampenda huyu mwanamke kama dada wa tumbo moja.

Sasa la mwisho. Baba mkwe wangu ni mzee anayejulikana kwa kutokaa shughulini. Hitma haijafika katikati, keshaondoka. Sote tulisema ni kiburi.

Mwaka wa mjomba ulipotimia tukarudi Njinjo kwa hitma, na yeye akaja. Dafrosa akanitania kwamba leo nimekaa mpaka mkeka umechoka. Nikasimama, nikasema mbele ya watu wote, wakwe wakiwemo, kwamba nilikuwa natoka damu, nikapimwa, na huyu Mngoni ndiye aliyeniokoa.

Wakwe wakainamisha macho. Nikajua nimeharibu.

Watu walipotawanyika, mzee akaja kusimama karibu yangu. Shikamoo, marahaba. Hakunitazama. Akauliza taratibu:

"Hiyo kamera, inauma?"

Tunakwenda naye wiki ijayo.

Nilichojifunza, wakuu: ugonjwa usioulizwa huonekana kama haupo. Kama damu imekuzoea, itaje, hata kwa mtani wako. Na kama huku Kusini, au kwenu popote, kuna aliyepitia haya, aseme hapa chini. Nadhani tuko wengi kuliko tunavyodhani.