Nani Anakujua Hapa Kondele

Jamaa, mimi nilizaliwa na bahati.

Leo mchana, ukumbini, bendi nzima ya Kondele imenisimamishia muziki, ati wananiomba niwe mpiga gitaa wao.

Mnajua pakruok yetu: muziki unasimama, mtu anajisifu, na rafiki anamwitikia.

Basi nikainuka. "Mimi ndiye simba wa Awasi. Vidole vyangu vinajulikana mpaka Kampala."

Watu wakageuka kunitazama.

Hata mama wa chai aliacha kumimina. Mtu akijisifu na kukosa wa kumwitikia, omera, ndugu yangu, afadhali arudi kwao.

Mwimbaji akauliza, "Bwana, nani anakujua hapa?"

Ndipo Ouma, mpiga ngoma wao, akasema, "Mimi namjua. Ahero ilipofurika, huyu alibeba ngoma zangu kichwani, maji kifuani. Hata hakuuliza ni za nani."

Ukumbi wote ukaitikia. Nikapewa gitaa. Nilikoseakosea, watu wakacheza tu.

Jumamosi napiga nao tena.

Na nyinyi, nani angewaitikia hivyo?

Ila ile ya kuombwa ni uongo. Muziki niliusimamisha mwenyewe.