Uji wa Kalunde na Lango la Shule

Mwelu alirudishwa langoni akiwa na sare mpya na sanduku la bati, siku ambayo wenzake wa Gredi ya Kumi walikuwa wakipokelewa. Shule hiyo ya umma, karibu na Mitaboni, aliichagua mwenyewe. Alama zake zilitosha, na serikali ikampa nafasi. Aliyemzuia hakutaja alama. Alimtaja mama yake.

Mama huyo, Kalunde, ni mjane anayefuta mabenchi ya kanisa linalodhamini shule hiyo kila Jumamosi. Siku nyingine huwapikia Wachina wanaojenga barabara upande wa Konza. Kila Aprili wafanyakazi hao huwakumbuka wafu wao. Kwa kuwa makaburi yako mbali, huchora duara la chokaa ardhini, lenye mwanya upande wa kwao, wakachoma karatasi za mfano wa pesa ndani yake na kuandaa wali, machungwa na kuku mzima. Baadaye chakula hicho huliwa na walio hai.

Aprili iliyopita alikuwapo Daktari Munyao, mhadhiri anayetafiti dini ya Wachina. Kalunde, alipoona wafu wa watu wakikumbukwa, alimimina uji kidogo chini na kumtaja nyanya yake, kama wakongwe wa Ukambani walivyofanya kabla ya kunywa. Munyao alimpiga picha, akaahidi kwamba uso wake hautaonyeshwa popote.

Kisha kanisa hilo, ambalo Munyao ni mzee wake, likamwalika aueleze utafiti wake. Picha ile ikaangazwa ukutani mwa ukumbi wa kanisa, kubwa kama mlango, uso na yote. Mmoja akauliza kama siku hizi Mama Mwelu anasali kwa vijiti vya kulia chakula. Watu wakacheka, na Munyao akacheka nao.

Baada ya Mwelu kurudishwa, Kalunde aliitwa mbele ya bodi ya shule. Mwenyekiti, Mzee Kimanzi, hakuzunguka.

“Mama Mwelu, Jumapili simama mbele ya waumini, ukane hayo mashetani ya Wachina. Jumatatu mtoto ataingia.”

“Mzee, siku ile ya wafu ulileta kokoto kambini kwa Wachina,” Kalunde akajibu. “Kuku yule nilikupakulia mimi. Ulikula paja, ukaongeza supu. Tutasimama pamoja?”

Kimanzi akasema hakujua kuku alikuwa wa nini.

“Ulijua. Uliuliza kwa nini bado ako na kichwa.”

Mjumbe mmoja alificha kicheko katika leso. Kimanzi akasisitiza: toba, au hakuna shule. Hapo Kalunde akainuka.

“Nyanya yangu aliitwa Mwelu. Mtoto huyu ndiye mwenye jina lake. Nikimkana huko mbele, nitakuwa nimemkana nani?”

Akatoka. Hajatubu, na hana la kutubu. Mwelu bado yuko nyumbani, sare imekunjwa, huku wanaokula sadaka za wafu na kufuta midomo wakilinda lango lililojengwa kwa kodi za watu wote.

Daktari Munyao, ifute picha hiyo, urudi katika ukumbi uleule ukamwombe Kalunde radhi mbele ya waliocheka. Nawe Mzee Kimanzi, pamoja na bodi yako na kanisa lako: udhamini si umiliki. Mpokeeni Mwelu Jumatatu hii, bila toba, bila sharti, na mumfungulie lango kwa mikono yenu wenyewe.