Nafasi ya Mama

Syokau wa Kathiani hajui kukaa. Ukimpa kigoda atakikalia nusu tako, jicho mlangoni, na kufumba na kufumbua utamkuta shambani anang'oa magugu ambayo hata hayajaota vizuri. Majirani humtania kwamba hata kanisani hupiga magoti mapema ili asimame mapema. Basi usiniulize usiku ule alilalaje, baada ya mwanawe Kitonga kumpigia simu, akimwita Mwaitu, yaani mama, kama wanawe wamwitavyo.

"Mwaitu, Munyiva amenipigia. Kesho atapitia Machakos na ndege ya mkubwa wake akirudi Lodwar. Anasema amepata nafasi ya mama."

Munyiva, bintiye, ni mpishi katika nyumba ya wageni kule Lodwar, na kwa miaka miwili na ushei walikuwa hawasemezani. Msichana alikuwa amezaa kabla ya kuolewa, na Syokau, ambaye ulimi wake hauna breki, akamwambia maneno ambayo mzazi hafai kumwambia mtoto. Munyiva akafunga virago, akamwachia kitoto kichanga, na tangu hapo salamu zikawa zinapitia kwa Kitonga. Sasa amepata nafasi ya mama! Amenisamehe, Syokau alijiambia, akaanza kufagia ua aliokwisha kuufagia.

Asubuhi alifika kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, mjukuu mgongoni kwa leso, maana angemwacha na nani? Alivaa lile gauni lake la kuendea harusi za watu, na mkononi alikuwa na mfuko wa maembe. Alizunguka banda la kiwanja mpaka mlinzi akachoka.

"Susu, nyanya yangu, si uketi kidogo? Unanipa kizunguzungu."

Hakuketi. Ndege ilipotua, Munyiva aliruka chini, akakimbia, akapita mikono ya mamake iliyonyooshwa na kwenda moja kwa moja mgongoni.

"Mama! Mama yangu, umekuwa mkubwa hivi?"

Hapo ndipo Syokau alipong'amua. Mtoto yule alipewa jina lake, naye ni Syokau, na kwetu Ukambani mtoto anayebeba jina la nyanya huitwa mama na mzazi wake mwenyewe. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya mama huyu mdogo. Aibu ilimshika, aibu ya kujipamba kwa karamu ambayo hukualikwa, na kwa kuwa hakujua kuivumilia, akajifanya hakuelewa.

"Haya, twende. Mimi nitampakata."

Jeff, mkubwa wa Munyiva, mwenye ndege ambaye pia ndiye rubani, alikuwa anapima mizigo. Akamgeukia. "Huyu mtoto ako na miaka ngapi?"

"Hajafikisha mbili."

"Niko na miaka tatu!" mtoto akadakia, akitoa vidole vinne.

Jeff alijikaza asicheke. "Mama, angekuwa chini ya miaka mbili ungempakata, sawa. Akishapita hapo lazima awe na kiti chake na mkanda wake. Na mkanda moja hatufungi watu wawili. Niko na viti nne: changu, cha huyu injinia wa visima, cha Munyiva, na hicho kimebaki."

"Hii mikono imemshika tangu akiwa ananyonya!"

"Najua. Lakini ndege ikitikisika vibaya, hakuna mikono inatosha."

Munyiva akamtazama mamake, akalitazama gauni. "Mwaitu, kwani na wewe ulikuwa unakuja?"

"Niliambiwa mama," Syokau alisema. "Nikadhani ni mimi."

"Sikufikiria ungetaka kuja."

"Ungeniuliza!"

"Na wewe ungeuliza kama niko hai!"

Jeff akatazama mawingu yaliyoanza kujikusanya juu ya vilima, akasema waamue, yeye hawezi kungoja mvua. Syokau akafungua leso kwa hasira, akambwaga mjukuu kwenye kile kiti kitupu. Mtoto akajinyonga na kupiga mayowe, akang'ang'ania gauni la nyanyake. Munyiva alipojaribu kumfunga mkanda, mtoto akamsukuma mikono.

"Sitaki huyu! Ni nani?"

Munyiva akauachia mkanda. Uliniuma uso wake, na mimi nilihadithiwa tu. Kisha akachukua kibegi chake chini ya kiti, akashuka.

"Mwaitu, panda. Keti mahali pangu. Mimi nitakuja na basi."

"Na kazi yako?"

"Wageni watakula maembe mpaka afike," Jeff akasema. "Pandeni."

Syokau akapanda, akajisogeza huku, akajisogeza kule, akashika kila kilichoshikika. Mtoto alipomwona kando yake alinyamaza, akakubali kufungwa. Munyiva akajipenyeza mlangoni, akaupitisha mkanda wa pili tumboni mwa mamake na kuukaza.

"Usitoke huko kabla nifike," alisema bila kuinua macho.

"Nitaenda wapi?" Syokau akamjibu. "Si umenifunga."