Fisi Alikaa Kiti cha Mbele

Watoto mia mbili na ushee waliambiwa waonyeshe alipojificha Fisi wa maigizo.

Wakamnyooshea kidole mgeni rasmi.

Hakuna aliyecheka.

Haya yalimpata Tumpe, mama mmoja wa Soweto, Mbeya, na ameniruhusu niyasimulie yalivyo. Jina la kijiji yalikotokea kaniomba nilifiche kwa ajili ya mtoto mmoja mtakayemsikia. Jueni tu ni bonde la Usangu, huko kwenye mpunga.

Tumpe ana kikundi cha maigizo. Watu wanne, ngoma mbili, pazia moja na kigari kinachopiga kelele kuliko ngoma zenyewe. Wanazunguka shule za msingi wanaigiza bure. Ukimuuliza anapata nini, atakujibu kwamba yeye alimaliza darasa la saba hajawahi kuona mchezo wa kuigiza hata mmoja, na hataki mwingine amalize hivyo.

Mchezo wao mkubwa ulizaliwa Ilula. Walipita pale siku ya shule, saa nne asubuhi, wakakuta watoto wenye sare wanakimbiza mabasi na ndoo za nyanya. Tumpe akakasirika, akatunga.

Fisi anawakusanya watoto wa wanyama walinde mtama wake. Anawaambia, "Shule ipo tu, haikimbii." Wanalinda mpaka wanasahau kusoma. Mwishoni anakuja Sungura, ambaye ni Tumpe, kuwatafuta. Fisi anajificha nyuma ya pazia. Sungura anauliza, "Watoto, Fisi yuko wapi?" Shule nzima inapiga kelele, pazia linashuka, mchezo umeisha.

Waliuigiza Igowole. Wakauigiza Ilula kwenyewe. Fresh kabisa.

Ilula ndiko alikowaona Mwalimu Veronika, mwalimu mkuu wa ile shule ya Usangu. Alikuwa amekuja kwao msibani, akasimama nje ya uzio wa shule akatazama mchezo mpaka mwisho. Kisha akamfuata Tumpe, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Njooni na kwetu," akasema. "Lakini mlete huuhuu wa Fisi. Msibadilishe hata neno."

Tumpe akafurahi. Hakuuliza kwa nini mchezo huo, kwa nini si mwingine.

Walifika mwezi wa tano, mpunga umeiva. Viti vimepangwa mbele. Cha katikati kakalia mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Ezekia, mwenye mashamba ambayo ukisimama huku huoni yanapoishia. Watu wakimwamkia wanainama kidogo. Watoto wako chini, kwenye vumbi.

Cha ajabu, hawakucheka. Shedrack, anayeigiza Fisi, akitembea tu kwa kuchechemea shule zote huvunjika mbavu. Hapa kimya. Wamekodoa macho.

"Dada, hawa vipi?" Shedrack alinong'ona nyuma ya pazia. "Mbona kama tuko msibani?"

"We endelea."

Ikafika zamu ya Sungura. Tumpe akauliza, "Watoto, Fisi yuko wapi?"

Watoto wakatazamana.

Akarudia.

Akasimama binti wa darasa la tano, mwembamba, sauti imekauka kama ya mtu aliyeshinda akipiga kelele wiki nzima.

"Yule pale," akasema.

Kidole chake kilikuwa kwenye kiti cha katikati.

"Anatutoa darasani tukaamie ndege kwenye mpunga wake. Tunashinda huko kuwafukuza. Kwenye daftari la mahudhurio tunaandikwa tupo."

Kikanyooka kidole kingine. Kingine. Kisha vyote.

Bwana Ezekia akanyanyuka, akamtazama Mwalimu Veronika, basi.

Mwalimu akasimama haraka. "Mchezo umekwisha. Nyie watu wa Mbeya, kusanyeni vitu vyenu muondoke. Hatukuwaita mje kuwafundisha watoto wetu utovu wa adabu."

"Mwalimu, si wewe mwenyewe ulise..."

"Nimesema muondoke."

Wakaondoka. Garini Shedrack mzuka umempanda. "Dada, leo tumemlipua mtu. Vile vidole, nimesisimka mwili mzima."

Na Tumpe, hapa huwa anainamisha kichwa akisimulia, alicheka naye. Mpaka wanafika Chimala walikuwa bado wanacheka.

Hakuna aliyewawaza waliobaki kule.

Siku ya tatu simu ikaita. Namba ya Tumpe imeandikwa ubavuni mwa gari, yeyote anaweza kuinakili.

"Wewe ndiyo Sungura?"

Sauti ya mwanaume, Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, taratibu.

"Ndiye mimi. Naongea na nani?"

"Naitwa Masanja. Ni baba yake Ngolo. Yule aliyenyoosha kidole wa kwanza."

Tumpe akakaa chini.

"Amechapwa viboko kumi mbele ya wenzake," Masanja akasema. "Wamemfukuza wiki mbili. Analalia tumbo. Mimi nauliza tu, mama. Mwanangu alisema uongo?"

"Hapana, baba. Alisema kweli."

"Basi kwa nini amechapwa yeye, na wewe hukuchapwa?"

Tumpe anasema amewahi kutukanwa matusi ya kila aina maishani. Hakuna lililomchoma kama swali lile.

"Nani amemchapa?" akauliza.

"Mwalimu mkuu. Kwa mkono wake."

Kesho yake asubuhi Tumpe aliingia ofisini kwa Mwalimu Veronika bila hodi. Mwalimu alipomwona alinyanyuka, akafunga mlango.

"Karibu ukae, dada."

"Sikai. Umempigia nini yule mtoto?"

Mwalimu akaangalia dirishani kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyewaita. Unadhani sikujua watoto wangesema? Nilijua. Ndiyo maana nikataka mje na Fisi."

Tumpe akaisogelea meza.

"Kila msimu wa mpunga madarasa yanabaki nusu," Mwalimu akaendelea. "Yule mzee anakula meza moja na wakubwa. Nikifungua mdomo nahamishwa. Nikaona watoto wakisema wenyewe, mbele za watu, hakuna wa kunilaumu."

"Na viboko?"

"Mzee alisimama hapo mlangoni. Akasema nisipomchapa yule binti, atajua nilipanga mimi."

Tumpe akakaza kitenge chake kiunoni.

"Kwa hiyo ulimtuma mtoto wa miaka kumi na moja akaseme lililokushinda wewe mtu mzima," akasema. "Alipolisema, ukamchapa kwa kulisema."

Mwalimu akaanza kulia.

"Ngolo alilia ulipomchapa?"

"Hapana."

"Basi na wewe usilie. Chukua hilo daftari la mahudhurio, twende wilayani ukaseme kwa mdomo wako."

"Nipe wiki moja, nijipange."

"Ngolo hakupewa wiki."

Mwalimu hakwenda. Alibaki ameshika meza.

Tumpe akatoka pale anawaka. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Masanja. Akamkuta Ngolo amesimama kwenye kivuli cha nyumba, kukaa hawezi. Akapiga magoti, akamwomba msamaha. Mtoto akamwangalia, akasema ahsante, kama vile kapewa pipi.

Kisha Tumpe akamgeukia baba yake. "Baba Ngolo, nipe huyu mtoto niende naye wilayani. Wakimsikia mwenyewe, wakaziona alama za viboko, hawatabisha."

Masanja akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Mtoto ameshasema. Sasa waseme wakubwa."

Hapo ndipo Tumpe akapigwa na butwaa. Alikuwa ametoka kumgombeza mwalimu, na dakika ileile alitaka kufanya jambo lilelile. Kumtanguliza mtoto.

Jumatatu wilayani walifika wazazi kumi na wanne, baadhi na makoti yao ya kuchungia, na Tumpe pamoja nao. Hakuletwa mtoto hata mmoja. Kila mzazi alitaja jina la mwanawe na siku alizoshinda kwenye mpunga. Wengine walikiri kwamba walijua tangu msimu uliopita na walinyamaza, maana mashamba wanayolima wameyakodi kwa Ezekia huyohuyo.

Ilichukua miezi miwili. Bwana Ezekia akaondolewa kwenye kamati. Ngolo alikuwa ameshamaliza adhabu yake na kurudi darasani.

Sasa sikilizeni kilichomtapisha Tumpe nyongo.

Siku ya mkutano wa kutangaza kamati mpya, Mwalimu Veronika alisimama mbele ya kijiji kizima. Akasema yeye ndiye aliyeipigania haki ya watoto tangu mwanzo, kwamba aliwaleta wasanii makusudi, kwa mbinu. Watu wakapiga makofi.

Masanja akanyanyuka. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, makofi umechukua wewe. Viboko ulimpa mwanangu."

Makofi yakafa. Mwalimu akakaa. Mpaka ninapoandika hapa, hajamwambia yule binti hata pole.

Somo nililoliokota mimi ni hili. Ukiwa na neno linalokuchoma, liseme wewe, kwa kinywa chako, na uso wako uonekane. Usiazime ujasiri wa mtoto halafu umwachie adhabu.

Kikundi cha Tumpe bado kinaigiza bure. Ila siku hizi hawaondoki siku ya mchezo. Wanalala palepale kijijini, kesho yake wanapita kwa wazazi, kisha wanarudi shuleni kuwahesabu waliozungumza, kama wote bado wapo darasani.

Nilimuuliza kama hasira zimeisha.

"Hazijaisha," akaniambia. "Na sitaki ziishe."