Mayai ya Kwenye Karatasi

Mpishi wa shule, ambaye watoto walimwita Mama Mwiko, alikuwa amekoroga uji miaka kumi na mmoja nyuma ya darasa la kwanza. Njaa ya mtoto aliijua kwa jinsi anavyoshika kikombe. Anayekishika kwa mikono miwili na kunywa bila kupuliza, huyo hajatia kitu tumboni tangu jana mchana.

Jumanne moja alikuja muuguzi wa zahanati na karatasi. Kila mtoto aandike alichokula nyumbani kwao siku iliyopita. Majibu ndiyo yangeamua kama shule iendelee kupewa unga wa uji au upelekwe kwingine.

Saa nne muuguzi akapita jikoni.

"Shikamoo, mama. Watoto wenu wanakula vizuri. Mayai, maziwa, nyama. Unga huu kuna wanaouhitaji zaidi."

"Marahaba. Mayai ya kuku yupi, mwanangu? Hebu nione."

Ya juu kabisa ilikuwa karatasi ya mjukuu wake: chai ya maziwa, mayai mawili, wali kwa nyama. Mama Mwiko aliisoma mara mbili. Binti huyo, aliyekaa naye nyumba moja, jana aliamkia chai ya rangi na kiporo cha mhogo, akalalia mboga za majani zilizochemshwa kwa chumvi.

Akamwita. "Mayai haya ulikula kwa nani?"

"Bibi, si wewe uliyenikanya, ya nyumbani hayatoki nje?"

 Ndivyo Mama Mwiko alivyomfunza, na ndivyo walivyofunzwa watoto wote wa nyumba zile. Kusitiri nyumba ni adabu. Lakini adabu inayompokonya mtoto kikombe chake imegeuka kiburi cha wakubwa, na anayekilipia ni mdogo.

"Mimi napeleka kilichoandikwa," muuguzi alisema. "Siwezi kuwaandikia."

Basi Mama Mwiko akafuta mikono, akaomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa.

"Wajukuu zangu, mimi jana asubuhi nilikunywa chai kavu. Usiku nikala majani na chumvi. Sikuiba, sikuombaomba. Sina la kuficha."

"Kumbe hata mpishi?" mvulana mmoja alisema kutoka nyuma.

"Hata mpishi. Na wewe uliyeandika kuku mzima, mifupa ulimtupia nani, na kwenu hata mbwa hakuna?"

Darasa lilicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Muuguzi akagawa karatasi mpya. Safari hii kalamu zilikwenda polepole, na majibu yalikuwa mafupi.

Unga haukuondolewa.

Jioni ile mama wa yule mvulana alimfuata kisimani. "Umetuvua nguo, dada. Mbele ya wageni."

"Nilianza kuvua zangu," Mama Mwiko alijibu.

Wiki nzima jirani huyo alipita bila kumwitikia salamu. Mama Mwiko hakuacha kumsalimu. Na kila asubuhi mvulana alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya uji, kikombe mikononi.