Vipande Vitano vya Uso wa Mwalimu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba nuru na kiza, na anayejua yaliyomo kifuani kabla ulimi haujatikisika. Namshukuru kwa uzee huu na kwa macho yaliyobaki. Yananitosha kuandika habari ya majuma machache niliyokaa na dhana mbaya juu ya mtu niliyempenda.

Ilikuwa hapa Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa mshonaji wa kanzu, nimeoa mwaka ule ule. Mpiga picha mmoja alikuja kutoka upande wa Kabambare, na sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Picha zake zilitundikwa katika nyumba nyingi za mjini. Ukitazama uso wa bibi kizee aliyempiga picha, unaona hata kovu la moto wa jikoni. Nilimstahi kuliko fundi yeyote. Alipotangaza kwamba atafundisha watu wawili kazi ya kusafisha picha, nilifunga cherehani yangu juma zima.

Mwenzangu alikuwa moniteri, yaani mfundishaji, wa shule ya misioni, mtu wa mzaha. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la chumvi la zamani, halina dirisha, nasi tuliziba nyufa kwa matambara. Taa ya mafuta ilifunikwa kitambaa chekundu. Kliche, yaani ile filamu ambamo nguo nyeupe huonekana nyeusi, iliwekwa juu ya karatasi ndani ya fremu ya kioo. Fundi alifunua taa kwa muda mfupi, akaifunika tena. Karatasi ikaingia kwenye dawa, na uso ukapanda polepole kama mtu anayeibuka majini.

Muda wa mwanga hakuupima kwa saa.

"Kila mutu ahesabu kwa sala yake," alisema.

Mimi nilisema Subhanallah, moja kwa kila pumzi. Moniteri alisema Salamu Maria nzima nzima, na picha zake zikatoka nyeusi.

"Moniteri, sala yako iko murefu," fundi alimwambia. "Umechoma bibi harusi."

"Bora achomwe hapa kuliko kule," moniteri akajibu, tukacheka sote.

Siku ya tatu kicheko kiliniisha. Fundi alikuwa amepiga picha ya jamaa zetu wa maulidi, watu kama arobaini mbele ya msikiti, na katikati yao mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, amevaa kilemba. Mchana ule nilitangulia kurudi kutoka sala ya adhuhuri, nikaona kwenye kamba vipande vitano vya karatasi, vyembamba kama ukanda. Vyote vilikuwa na uso wa mwalimu peke yake: kimoja cheupe mno, kingine cheusi kidogo, hivyo hivyo hadi cha tano. Mezani palikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri wa ofisi ya Leta.

Miaka ile Leta, yaani serikali ya Wazungu, ilitutazama Waislamu kwa jicho la pembeni. Tukikusanyika kwa dhikri, walisema tunapanga fitina. Walimu wawili walikwisha kupelekwa mbali, hatukujua wapi. Na fundi huyu, nikakumbuka, alikuwa amewapiga picha wachimba dhahabu wa Salamabila kwa ajili ya vitabu vyao vya kitambulisho. Aliyezoea kuwapelekea Wazungu nyuso za watu, atashindwa na uso mmoja? Nilichukua kipande kimoja nikakitia ndani ya kofia.

Tangu hapo kila neno lake nililisikia na neno jingine nyuma yake. Aliponiuliza mwalimu anakaa mtaa gani, ampelekee picha, nilisema sijui. Nilikuwa nimekula kwa mwalimu sikukuu iliyopita.

Jioni nilimpelekea mwalimu kile kipande. Alikishika mbali na macho.

"Ndevu zimekuwa nyeupe hivi?"

"Mwalimu, wanakutafuta. Fundi ametoa uso wako peke yake, mara tano."

"Umemuuliza sababu?"

"Hapana."

"Basi umeniletea moyo wako, mwanangu, hujaniletea habari. Kesho muulize. Na hiki ukirudishe, si chako."

Asubuhi, kabla moniteri hajafika, nilikiweka mbele ya fundi. Alikitazama, akaketi juu ya ndoo.

"Kumbe iko wewe! Mimi sikulala. Nilihesabu vipande, kimoja hakuna. Nikasema, huyu mushonaji iko sikio la Leta."

"Mimi?"

"Tangu jana unanitazama kama mwizi wa kuku. Niwaze nini?"

Akanieleza. Karatasi zilifika Kasongo kwa shida, kwa hiyo hakuanza na karatasi nzima. Alijaribu kwa vipande, kila kimoja na muda wake, mahali penye cheupe na cheusi pamoja. Kilemba na uso wa mwalimu vikitoka vizuri, watu wote arobaini watatoka vizuri.

"Na bahasha?"

"Bahasha ni kweli. Wanataka picha moja. Kukataa siwezi, ndugu, mimi niko na watoto."

Akaweka karatasi nzima kwenye fremu. "Hii ni ya ofisi. Hesabu wewe, mpaka nikwambie basi."

Akafunua taa. Nilifika thelathini na tatu, hakusema kitu. Nikapita sitini, nikapita mia. Kwenye dawa watu wa maulidi walitokea, wakasimama kitambo, kisha wakazama wote katika weusi wa makaa.

"Nitawaambia joto limeharibu dawa," alisema.

Hata hapo sikumwamini kwa moyo mzima. Nani angejua kama hatatengeneza nyingine, safi, nikiwa sipo? Siku mbili zilizobaki nilihesabu karatasi zake kwa siri. Nadhani aliniona.

Baada ya majuma mawili askari alikuja kumwita mwalimu. Tulikaa barazani kwake na mkewe, chakula kikapoa. Alirudi alasiri, kwa miguu yake mwenyewe.

"Wamenipa picha nyeusi, wanasema nionyeshe nani ni nani," alitueleza. "Nimewaambia kweli ya Mungu: humu hata mimi sijioni."

Nilikwenda mbio kumwomba fundi radhi. Nilikuta kufuli mlangoni. Majirani walisema ameondoka kwenda Nyangwe. Sikumwona tena, na radhi yake sikuipata. Nimemwombea dua tangu siku ile.

Wewe unayesoma, Mungu akupe subira ya kuuliza kabla ya kudhani, akulinde na jicho baya la wengine na la kwako mwenyewe, na akufikishe kwa unayetaka radhi yake angali karibu. Amina.